Mama Chanja wa Lipingo

Vijana wa siku hizi ukiwatajia teknolojia, mkono unakwenda mfukoni kutafuta simu. Mimi huwa nawaambia watoe mkono. Teknolojia niliyoiona kwa macho yangu ilikuwa miti kadhaa na wavu kuukuu, na tangazo lake lilikuwa midomo ya watu waliokula msibani. Mwenyewe aliitwa Rosina, Mnyasa wa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, na nitamsema mimi, maana waliostahili kumsema walinyamaza.

Tulijuana sokoni Mbinga, miaka ile ya ruksa, kila mtu alipoanza kuuza alichonacho. Mimi niliuza maharage ya kwetu Mbuji. Yeye alipanda na lori kutoka ziwani na magunia ya usipa, vile visamaki vidogo ambavyo sisi Wamatengo tunavipenda na kuvilaani kwa pumzi hiyohiyo. Wakati ule usipa ulianikwa mchangani. Unaosha maji ya kwanza, ya pili, ya tatu, unaunga na nyanya, unamtengea mume, naye akitafuna unasikia kru, kru, kama mtu anayetembea kwenye changarawe.

Rosina alikuwa mjane na hakuwa na mtoto. Kwetu mwanamke huitwa kwa mwanawe. Mimi ni Mama Scholastica hata kwa padri. Yeye waliomheshimu walimwita dada, na wasiomheshimu walimwita "wewe wa usipa". Siku moja aliniambia, macho makavu kabisa, "Mama Scholastica, mimi nikifa hakuna jina litakalobaki." Nikaendelea kupima maharage.

Msimu mmoja wa kahawa lori lao likaharibika, nikamchukua akalale kwetu. Asubuhi nikamkuta amesimama mbele ya chanja za mume wangu Urbani, zile meza za miti na wavu wa waya ambazo kahawa huanikwa juu yake ikishaoshwa.

"Shemeji, mbona hamuimwagi chini?" akauliza.

Urbani akacheka. "Chini? Ikinuka udongo nani ataigusa?"

Rosina hakuuliza tena. Alizizunguka zile chanja, akainama, akapitisha mkono chini ya wavu kuusikia upepo. Nikamtania kwamba watu wa ziwani wakiona meza wanadhani chakula kinakuja. Wala hakunisikia. Alipofika kwao alichimbia miti ufukweni, akatandaza wavu wa marehemu mumewe, akaanika usipa juu. Lipingo nzima ikamcheka: Rosina amewatandikia samaki kitanda!

Sokoni nako hakuna aliyejali. Kwa macho usipa wake haukuwa na tofauti na wa mwingine, na yeye sauti ya kunadi hakujaliwa. Basi jirani yetu akafiwa na baba yake. Sisi wanawake wa jumuiya ndio tuliopika, nami nikapeleka usipa alionipa Rosina. Waombolezaji wakala, nikatega sikio. Hakuna kru hata moja. Mzee mmoja asiye na meno mengi akauliza samaki hao wametoka wapi, maana leo meno yake hayajalalamika. Nikamwambia ni wa Rosina, anauanika juu ya chanja kama kahawa.

Msiba una watu wa kila kijiji. Habari ilitoka pale ikaenda kanisani, ikaenda mtoni kwa waosha kahawa, na siku ya soko wanawake wakaja wakiuliza, "Yuko wapi yule Mama Chanja?" Mara ya kwanza kuitwa hivyo, Rosina aligeuka nyuma kuangalia anaitwa nani. Kisha akainama kwenye gunia lake akakaa huko muda mrefu, na mimi nikajifanya sioni.

Penye asali hapakosi nyuki. Akaja Raimundi, mfanyabiashara mwenye gari na kipaza sauti, akizunguka Mbinga akitangaza, "Usipa wa Mama Chanja! Hauna mchanga!" Rosina hakuwa amemuuzia hata kiganja. Watu wakanunua, wakatafuna, kru, kru. Siku ya soko iliyofuata mteja wetu mmoja, Gertruda, akamwaga mabaki yake kwenye mkeka wa Rosina.

"Chukua mchanga wako ukajengee nyumba," akasema. "Na hilo jina tulikupa bure."

Nilipandwa na hasira, nikataka kwenda kumshika Raimundi mashati. Lakini Rosina alinyoosha mkono akachukua bakuli langu jeupe la kupimia maharage, akatia maji, akafikicha humo usipa wa Gertruda. Mchanga ukatua chini. Akamwaga, akatia maji mengine, akafikicha wa gunia lake. Chini pakabaki peupe.

"Huu ndio wangu," akasema. "Ule siujui."

Gertruda alitazama, akafunga khanga vizuri, akalibeba lile bakuli la maji kwenda kupima usipa kwenye gari la Raimundi, lililokuwa likinadi pembeni mwa soko. Kipaza sauti kilinyamaza katikati ya neno. Tangu hapo, muuza usipa asiyeweka bakuli la maji mbele yake hakupata mteja Mbinga.

Wanawake wa ziwani wakakosa pa kuuzia, wakamwendea Rosina awafundishe. Nilimwambia akatae, biashara haina undugu. "Upepo si wangu," akanijibu, akawafundisha. Baada ya miaka michache chanja zilijaa ufukweni kuanzia Lipingo hadi Lituhi, na sokoni watu wakawa wanasema usipa wa chanja tu. Lile neno Mama lilidondoka njiani. Iliniuma mimi kuliko yeye, au labda yeye alijua kuficha.

Alipofariki nilishuka Lipingo kuzika. Mzee wa kanisa, Aidan, akasoma historia ya marehemu: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akafiwa na mume. "Hakujaliwa kupata mtoto," akamaliza, akakunja karatasi.

Mimi mgeni, Mkatoliki kwenye msiba wa Waanglikana, Mmatengo, hakuna aliyenipa nafasi ya kusema. Nikasimama.

"Shikamooni wazee. Hebu geukeni muangalie ufukweni."

Wakageuka. Chanja zilikuwa zimepangana hadi kwenye miamba, zimejaa usipa, maana samaki hawangoji msiba.

"Zile zote," nikasema, "nani alizizaa?"

Msichana mmoja wa wapishi akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe zilianzishwa na mtu?" Nikawaeleza yote, kahawa, msiba, bakuli.

Mzee Aidan akaja taratibu hadi niliposimama. "Mama, huko kwenu milimani mlikuwa mnamwitaje?"

Nikamwambia. Akaenda kwenye msalaba, akainama, akaongeza maneno mawili chini ya jina la Rosina. Rangi ilikuwa imebaki kidogo kwenye kopo. Ikatosha.