Baridi ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa na selimundu, na adui yake mkubwa alikuwa baridi. Hata jua likiwaka alivaa sweta, maana kibaridi kidogo tu kilimwamshia maumivu ya mifupa. Kabla hajafariki, aliwapa watafiti wa vinasaba damu yake.

Sasa nimeajiriwa maabara hiyohiyo, kutoa vichupa vya damu kwenye friza. Wanasema damu nzito kuliko maji, lakini huku ni namba tu. Cha kwake sikijui ni kipi.

Leo fundi mkuu amenikuta nimefumbata kimoja kiganjani.

"We binti! Hiyo sampuli, siyo kifaranga! Inayeyushwa juu ya barafu. Ukiipasha joto inaharibika!"

Nimemwomba radhi. Nilijua vizuri sana. Chuoni swali hilo sikuwahi kulikosa. Mkono ndio uliokataa.

Jioni mama akapiga simu. Hakuuliza mshahara wala bosi.

"Mwanangu, huko alikowekwa mwenzio, kuna baridi?"

Friza yetu ni nyuzi themanini chini ya sifuri.

"Hapana, mama," nikamjibu. "Nimemfunika."