Matawi ya Kwenye Kona

Kusoma sikusoma, lakini lori ninalo, la jasho langu. Juzi liliharibika karibu na Msambweni. Utingo akakata matawi, akayatandaza barabarani kuwaonya wenye magari. Harufu ya majani mabichi yaliyopondwa na tairi ikaniingia puani, nikageuza uso.

Nilipokuwa mtoto mchunga mbuzi, ukame umetukaba, niliyakuta matawi kama hayo barabara ya Lunga Lunga. Lori lilikuwa limekwama mbele, kwenye kona, dereva amekaa kivulini akimngoja fundi. Mbuzi wangu walikuwa mifupa mitupu. Niliyaokota matawi yote, nikawapa.

Hawajamaliza kula, nikasikia kishindo. Lori jingine lilikuwa limeligonga lile kwa nyuma, na aliyeliendesha amekufa.

Watu wakamzingira yule dereva wa kwanza. “Mshenzi wewe! Umeegesha kwenye kona bila alama?”

“Wallahi niliweka matawi, jamani!”

“Yako wapi? Yamepaa?”

Mzee mmoja akanigeukia. “Wewe ulikuwa hapa. Uliyaona?”

“Sikuona kitu, babu.”

“Sema kweli, mwanangu,” dereva akanisihi.

Nikawageukia mbuzi wangu. Wakamfunga mikono kwa kamba ya turubai lake mwenyewe, naye bado akiniita mwanangu.