Jicho la Tekla

Enzi zetu mtoto akiumia alificha kidonda kwanza, kulia baadaye. Nyie mliokulia Mbinga mnajua: ukisema umeumia, unachapwa kwa kuumia.

Ndio wakati wanunuzi binafsi walianza kufika vijijini kutafuta kahawa, na kila nyumba ilichuma mbiombio. Mikono ilinata utamu wa matunda mekundu, ugali na maharage tulikula mle mle shambani. Mibuni ya baba ilikuwa mirefu, hivyo tulichuma wawili wawili: mmoja anainamisha shina na kulishikilia, mwenzake anachuma. Mimi nilishika, mdogo wangu Tekla akachuma. Lori la wanunuzi likapiga honi barabarani. Nikaachia shina, nikakimbia kulitazama.

Niliporudi, Tekla alikuwa amechuchumaa, kiganja kwenye jicho la kushoto. Shina nililoliachia lilikuwa limefyatuka juu, na kishina cha tawi lililopogolewa kikamchoma. Machozi yalimtoka mazito, ya uvuguvugu.

“Nyamaza, Mama atasikia,” nikamwambia.

Nyumbani akasema mwenyewe kwamba vumbi limemwingia, ili nisichapwe. Mama akamwita jirani aliyekuwa ananyonyesha, naye akamkamulia Tekla maziwa jichoni, kama ilivyokuwa desturi.

Kesho yake wekundu ulipungua, tukafurahi. Lakini alikwepa mwanga wa mlangoni, na uji aliumimina nje ya kikombe. Siku ya tatu akaninong'oneza, “Dada, naona ukungu.” Nikamtazama kwa karibu. Mboni haikuwa duara tena, ilikuwa imevutika pembeni kama tone la maji. Niliogopa kuliko nilivyoogopa fimbo. Nikamwambia Mama yote.

Muuguzi wa zahanati, Mama alikotupeleka, hakufoka.

“Mama, jicho lililochomwa halioshwi, halibonyezwi, halitiwi kitu. Mnalikinga kwa kikombe kisicholigusa, mnakuja siku hiyo hiyo. Mboni ikipinda, damu ikituama ndani, akiona ukungu au akikimbia mwanga, msingoje. Mngekuja juzi...”

Watoto wa siku hizi wanatuchekesha. Mmoja akikwaruzwa na paka, ukoo mzima unajua na picha imeshatumwa kwa simu. Tunawaita watoto wa mayai. Juzi binti wa Tekla alikuja mbio analia kwamba mwenzake kamtupia mchanga machoni, na sisi watu wazima tukaguna. Tekla hakuguna. Alimvuta karibu, akamkagua jicho moja moja.

“Sema, mwanangu,” akamwambia. “Sema kila kitu.”

Hakunitazama. Nilikuwa nimekaa kushoto kwake, upande asiouona.