Chafya ya Posa

Jicho langu la kulia lilikufa zamani. Lilichomwa na bua la mahindi wakati wa kuvuna, nikalifunga kitambaa nikaendelea kuvuna, basi likaishia hapo. Nikabaki na la kushoto, na hilo limenitumikia vizuri, sina lawama nalo. Lakini miaka hii ya karibuni likaanza kujaa ukungu. Mwanzoni nilidhani ni moshi, nikamgombeza mke wangu kwamba anapikia kuni mbichi. Akachukua ukuni akaugonga ukutani, ko ko ko, nisikie ulivyo mkavu.

"Baba watoto, kibichi ni hicho kichwa chako," akasema.

Tukaenda kwa madaktari wa macho. Wakasema ni mtoto wa jicho, linapasuliwa, linapona, lakini nilitunze kama yai, maana sina jingine. Hilo nililielewa bila kuelezwa mara mbili. Mtu mwenye macho mawili anaweza kubahatisha. Mwenye moja habahatishi.

Sasa hapa lazima niingize ugoro, maana ndio ulioleta maneno yote. Shule mimi niliishia la pili, lakini kwa kusaga ugoro nimehitimu. Tumbaku huku kwetu imelimwa tangu enzi za wazee, majani yake tunayajua kama mboga. Unachukua jani lililokauka vizuri, unalisaga juu ya jiwe, unatia majivu ya maganda ya maharage yaliyochekechwa, unasaga tena mpaka unga uwe laini kama poda ya mtoto. Watu walikuwa wakiufuata ugoro wangu hata kutoka kijiji cha Maposeni. Ukinusa, machozi yanatoka, unapiga chafya mpaka kuku wanatawanyika, halafu unakaa umetulia kama mtu aliyemaliza kupalilia. Mgeni akifika, kabla ya maji anapewa ugoro kiganjani. Ukiukataa ni kama umemwambia mwenzio kwamba unamshuku uchawi.

Kwa hiyo kilevi sisi tulikuwa tunakijua, ila ugoro hatukuuweka humo. Siku moja bwana afya alikuja kwenye mkutano wa mtaa kuzungumza habari za dawa za kulevya. Wazee tulikaa mbele, maana ndiko viliko viti. Akaanza na bangi, jinsi inavyoweza kumvuruga kijana akili mpaka akasikia sauti zisizokuwepo. Tukaitikia, kweli kabisa. Mtaani kwetu yupo mmoja alianza kwa mchezo, sasa anasimama barabarani anaongoza magari anayoyaona yeye peke yake, na mama yake anamfuata na sahani ya chakula. Hilo halichekeshi. Bwana afya akaingia kwenye gongo, inavyoharibu ini. Tukaitikia tena. Jirani yangu, fundi mzuri wa milango, aliinywa mpaka tumbo likavimba na macho yakawa ya njano kama kiini cha yai. Milango yake tunaifungua mpaka leo, mwenyewe yuko chini. Akataja sigara na mapafu, akataja watoto wanaonusa petroli na gundi. Na sisi muda wote huo, tukitikisa vichwa kuwasikitikia vijana, kikopo changu cha ugoro kilikuwa kinapita mkono kwa mkono pale mstari wa mbele.

Bwana afya akakikazia macho.

"Na hicho, wazee wangu?"

"Hiki ni dawa ya kichwa," akajibu mzee mwenzangu.

"Hiyo ni tumbaku, mzee. Kinacholevya kwenye sigara kimo humo humo. Inapandisha presha, inaunguza pua na fizi, na wanaouweka ugoro mdomoni wengine wanapata kansa. Hebu niambie, ukiukosa kutwa nzima unakuwaje?"

Mwenzangu akafikiri kweli kweli. "Nagombana na mbuzi."

Watu walicheka mpaka mkutano ukavunjika. Na mimi nilicheka. Nikarudi nyumbani nikasaga mwingine.

Siku ya kupasuliwa ikafika. Nesi, binti mchangamfu tu, akaniuliza, "Babu, unatumia kilevi chochote?" Nikamjibu kwa moyo mweupe, "Hapana, mjukuu wangu. Pombe niliacha, sigara sijawahi, bangi naisikia tu kwa watu." Akanikalisha kwenye benchi kusubiri. Pembeni yangu alikuwepo mzee wa Nakapanya, huko Tunduru, mkulima wa korosho, kofia safi kichwani, naye kaletwa na jicho. Tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua, na mimi kwa adabu nikafungua kikopo.

"Alhamdulillahi," akasema. "Wangu nimeusahau nyumbani."

Tukanusa. Alianza yeye, nikafuata mimi, chafya za kupokezana kama watu wanaotwanga kinu kimoja. Nesi akarudi mbio.

"Babu! Si umesema hutumii kitu?"

"Situmii. Huu ni ugoro."

Hakucheka. Akachuchumaa mbele yetu, akatueleza polepole kwamba jicho likishapasuliwa lina kidonda, na kidonda kile hakipendi mtikisiko. Chafya kama zile zinaweza kukifungua. "Una jicho jingine la akiba, babu?" akaniuliza. Nikafunga kikopo. Wakatuambia turudi nyumbani, tuuache kwanza, tukishauacha ndipo tuje, na baada ya kupasuliwa tusiuguse kabisa. Mzee wa Nakapanya akaniangalia kwa jicho lake bovu. "Ndugu yangu, ukarimu wako umeniponza," akasema, na tukaachana vizuri.

Kuuacha sasa. Mimi sikujua kama nimefungwa mpaka nilipojaribu kusimama. Kichwa kilikuwa kizito kama gunia lililolowa. Mkono unakwenda mfukoni wenyewe, unakuta mfuko mtupu, unarudi, unakwenda tena. Usingizi ukakimbia. Nilimfokea mke wangu kwa kosa la kuweka kikombe mezani, na sijui nilitaka akiweke wapi. Yeye alikuwa ameshalificha jiwe la kusagia, na mpaka leo hajaniambia liko wapi, nami nimeacha kuuliza. Lakini baada ya muda kikatokea kitu nisichokitegemea, pua ikafufuka. Nikasikia harufu ya maharage yanayochemka, ya udongo uliolowa, ya sabuni ya mke wangu. Nilikuwa nimeishi na mwanamke yule miaka yote bila kujua ananukia.

Basi nikarudi, wakanipasua. Kitambaa kilipotolewa, mtu wa kwanza kumwona alikuwa yeye, mke wangu, amesimama kwenye mwanga.

"Umezeeka," nikamwambia.

"Ndiyo kwanza unajua?" akajibu, akajifuta macho kwa khanga.

Nikapewa dawa ya matone na makatazo: nisiiname, nisibebe mzigo, nisinuse ugoro mpaka daktari aseme. Na chafya ikija yenyewe nisiibane, ila nifungue mdomo, nihemee mdomoni, niiache ipite taratibu.

Hapo ndipo posa ikaingia. Mjukuu wangu wa kike tumemlea sisi, baba yake alishatangulia, kwa hiyo mimi ndiye baba wa kuoza. Kijana anayemtaka ni wa Maposeni, fundi umeme, watu wake tunajuana nao. Na kwetu posa ina mwendo wake. Mshenga hasemi neno mpaka amimine ugoro kiganjani mwa baba wa binti. Baba ananusa. Akipiga chafya, ina maana mahoka, yaani wazee wetu waliokufa, wamekubali, wanawake wanapiga vigelegele, mazungumzo yanaanza. Asipopiga chafya, wageni wanaaga kwa adabu na hawarudi. Ndivyo alivyoozwa mama yangu, ndivyo alivyoozwa mke wangu, na baba mkwe wangu alipiga chafya yenye kishindo, nakumbuka.

Watu wa Maposeni tulikuwa tumeshawaahirisha mara moja kwa sababu ya kupasuliwa. Ukiahirisha mara ya pili, umekataa. Na daktari alikuwa hajaniruhusu.

Jioni ya kuamkia siku yao tulikaa kikao jikoni. Dada yangu mkubwa alikuwa ameshafika kutoka Peramiho, maana posa bila shangazi haikamiliki, na baba akiwa mimi, shangazi ni yeye.

"Nusa kidogo tu, mdogo wangu," akasema. "Kachafya kadogo."

"Kachafya kadogo jicho likafumuka, atakayemwongoza chooni ni wewe?" mke wangu akamjibu. "Mimi sina nguvu hizo."

"Kwa hiyo mtoto aachwe?"

Mjukuu wangu alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. "Babu usinuse," akasema bila kuinua uso. "Kama ni kunikosa, anikose." Lakini mimi jicho lilikuwa linaona sasa. Nikaona vidole vyake vinatupa mchele mzuri na kubakiza mawe.

Asubuhi wakaja. Mshenga wao ni mtu mfupi mwenye koti kubwa na maneno makubwa kuliko koti. Wakaketi sebuleni, akatoa kikopo chake, akanyoosha mkono. Nikamwambia ukweli, kwamba daktari amenikataza.

"Mzee wangu," akasema, "anayeoza leo ni wewe au ni daktari?"

Wageni wakacheka, ila cheko la kutazamana. Dada yangu akavuta kigoda mbele.

"Mimi na huyu tumenyonya ziwa moja. Nimemtangulia kuzaliwa. Nipe mimi."

Wakanong'onezana, wakakubali kwamba damu ni damu. Shida ni kwamba dada yangu ugoro anautumia kwa kuuweka mdomoni, ndani ya mdomo wa chini, tangu usichana wake, na pua yake haina mazoea hayo. Akanusa. Tukangoja. Kimya. Akanusa tena kwa nguvu, macho yakamtoka. Kimya.

"Shangazi," mshenga akasema, "hiyo ni pua au bomba la maji?"

"Pua ninayo! Huu ugoro wenu kasaga nani? Hili ni vumbi la barabarani!" Na kwa hasira akaupuliza uliobaki kiganjani, puuu, ukatanda sebule nzima kama unga wa mashineni.

Ukanifikia. Nikasikia ule mtekenyo ninaoujua kuliko jina langu, unapanda puani polepole. Nikainuka. Kuondoka mbele ya watu wa posa ni tusi, hata mtoto anajua, lakini niliondoka, mdomo wazi kama samaki, mkono mmoja umekinga jicho. Nyuma yangu nikasikia viti vinasukumwa.

Nikasimama uani karibu na migomba, nahemea mdomoni. Haa, haa. Wala sikuwa peke yangu. Kando ya njia, nyuma ya ua wa mabua, kijana mwenyewe alikuwa amejibanza na pikipiki yake. Kwa desturi hatakiwi kuwepo, lakini alishindwa kukaa kwao. Akaniona babu wa binti nimetoka mbio nyumbani, mdomo wazi, jicho linachuruzika machozi. Akavua kofia.

"Shikamoo babu," akasema kwa sauti ndogo.

Sikuweza kumjibu. Ningesema neno, chafya ingetoka.

"Wamekataa?"

Nikainua mkono, angoje. Yeye akauelewa kuwa ni mkono wa kumfukuza. Akaanza kuigeuza pikipiki, taratibu, kama mtu anayegeuza jeneza. Nami nikabakia pale nahemea mdomoni, haa, haa, nikiulinda mwanga wangu na huku namwona mchumba wa mjukuu wangu anaondoka. Mtekenyo ukapanda, ukasimama, ukafikiri, ukaanza kushuka.

Ndipo chafya ikapigwa ndani ya nyumba. Moja kubwa, kisha nyingine juu yake, na vikombe vikaanguka. Halafu sauti ya mshenga: "Mwenye mali kajibu mwenyewe! Hata hakungoja wazee!" Na sauti ya dada yangu ikimkatiza, "Ndiyo, damu ni ileile, nani anabisha?" Kumbe mjukuu wangu alikuwa ameingia na sinia ya chai katikati ya lile wingu, na chafya ilikuwa yake. Vigelegele vikapasuka, cha mke wangu nikakitambua, kirefu kuliko vyote.

Kijana akasimama na pikipiki yake imegeuka nusu. Nikamtazama. Ana paji pana, ana kovu dogo kwenye nyusi, na masikio yake ni makubwa kidogo. Vyote nikaviona, kimoja kimoja, wakati uso wake unabadilika.

Pua ilikuwa imetulia. Nikafunga mdomo, nikameza mate.

"Marahaba," nikamwambia.