Mama mkwe alivyokemea pepo katikati ya mazoezi

Jamani, leo nimeombewa nikiwa mazoezini!

Mnajua nimejiunga na darasa la mtandaoni la sisi wenye miili mikubwa. Asubuhi niko sebuleni natokwa jasho, mwalimu anapiga kelele kwenye simu: "Ruka! Tikisa!"

Mama mkwe, aliyefika Karatu jana kutoka Baray, akaingia. Akanishika kichwa.

"Pepo, toka! Mwache mwanangu!"

Na kamera iko wazi. 🙈

Darasa zima likaangua kicheko. Aibu! Nikataka kujitoa palepale.

"Ni mazoezi, mama. Daktari alisema presha imepanda."

Akaniachia kichwa. Kisha akakaza kanga kiunoni.

"Sogea basi, turuke wote."

Muda si mrefu mimi nimekaa chini nahema, yeye anamuuliza mwalimu kesho ni saa ngapi.

Nyie, nicheke au nilie? 😂