Picha ya Upande wa Kibla

Mama mkwe alipokuja Birmingham mara ya kwanza, nilitaka kitu kimoja tu: arudi Unguja akawaambie watu kwamba mwanawe kaoa mtu. Nilipaka rangi sebule, nikabadilisha mapazia, ukuta mmoja ukabaki mtupu. Nikapanda basi mpaka Kings Heath, nikaingia duka la mitumba, nikaona picha.

Ilikuwa ya kale, ya enzi zile Wazungu walipochonga picha kwenye ubao na kuzipiga chapa kwa wino mweusi. Mzee wa ndevu na kilemba kasimama mlangoni, kanyoosha mkono. Mbele yake mwanamke kabeba mtungi, kamshika mtoto, kageuza uso. Hata mawingu yalikuwa ya mistari, membamba kama nyuzi. Nilijiona mjanja. Wenzangu wote wana zile picha za Makka zenye saa. Mimi nitakuwa na mzee wa Kiarabu anayeaga wasafiri. Niliitundika upande wa kibla, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na msumari.

Mama aliitazama, akasema nyumba nzuri. Kisha akawa anaswali kwenye ujia wa mlangoni, baina ya makoti na viatu, na baridi yote ile. Nilimlalamikia mume wangu: mama yako anaona sebule yangu haina hadhi. Niliudhika kwelikweli, wala sikumuuliza mwenyewe.

Jumapili wakaja kina mama wa Kizanzibari kumpa mkono. Viti havikutosha, nikamwomba jirani yangu Mkongo, mtu wa kanisani, atuazime. Akaingia navyo, akatazama ukutani, akafurahi kama kakutana na ndugu yake.

"Weh, mama! Hii njo Abrahamu! Anafukuza Agari na mutoto! Ilikuwaka mu Biblia mukubwa ya koko yangu, mama ya baba!"

Wageni wote wakageukia ukutani. Nabii Ibrahim, Bi Hajar, na Ismail mdogo. Na sura zao, macho na pua, ukutani kwangu mimi niliyehitimu Kurani kabla sijavunja ungo! Kisa chao nakijua tangu utotoni, lakini nani alipata kunionyesha nyuso zao? Kwetu manabii hawachorwi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mama anaswali kwenye makoti. Aliwatambua tangu siku ya kwanza, akanistahi. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Astaghfirullah," alisema mmoja wa wageni, akinitazama mimi. "Nani kaitundika hii?"

"Mie," alisema mama mkwe. "Nimeinunua mie juzi, n'kamwambia mtoto anitundikie. Macho yangu haya ya kizee, hata sikuona nini."

Mama huyu kesha kwenda Hija, na sijapata kumsikia akidanganya hata kwa mzaha. Nilikuwa na nafasi ya kusema, ni mimi. Badala yake nilichukua birika nikaanza kumimina chai. Wenzake wakaangua kicheko, wakamtania mpaka wanaondoka: hajjati mzima kaja Ulaya kununua manabii! Akacheka nao. Jirani yangu, maskini, aliuliza kama amekosea; nikamjibu hapana bila kumtazama.

Walipotoka nilimfuata jikoni. Sikuweza hata kuinua uso.

"Mama, kwa nini umejitia aibu kwa ajili yangu?"

Alikuwa anasuuza vikombe, wala hakusita.

"Mie narudi kwetu, mwanangu," akasema. "Weye ndo unabaki nao."