Mdomo wa Kisogoni

Nilipokuwa mtoto kule Muthetheni, hakukuwa na mkono uliojua makasi kama huu wangu. Ulizeni. Shule niliiacha darasa la saba, hiyo sikatai, lakini siku mwalimu alipotuambia tukate picha kwa maumbo, wenzangu walileta vinyumba na vikombe. Mimi nikakata iimu, lile zimwi la hadithi za Susu, nyanya yetu.

Nililikata kwa karatasi ya mfuko wa simiti. Duara kubwa likawa kichwa, mstatili ukawa mwili, pembetatu ndogo ndogo zikawa kucha. Na kwa sababu iimu hula watu kwa mdomo wa kisogoni, nililigeuza mgongo, nikatoboa duara lingine pale kisogoni na kulizungushia meno. Wee! Hata mimi nilirudi nyuma kidogo.

Mdogo wangu Mwende, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, ndiye aliyepaka uji kwa kidole. Tukalibandika ukutani, juu ya kitanda chetu.

Susu alisimama mlangoni akaliangalia sana. "Mume wangu," akasema, maana nilipewa jina la babu, "umelipa mdomo. Sasa utalilisha nini?"

"Susu, hiyo ni karatasi tu."

"Chenye mdomo hutafuta chakula chake. Ushone kabla jua halijatua."

Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nishone karatasi, kwani ni suruali?

Asubuhi mdomo ulikuwa umepanuka. Siwadanganyi. Meno mengine hayakuwepo, na tundu lilikuwa limeshuka hadi begani.

"Imekula nini?" Mwende akauliza.

"Nyamaza!" Nikamvuta mkono tukatoka nje.

Alfajiri iliyofuata niliamshwa na kilio. Mwende ameinua kidole, kile kile cha uji, damu imeshuka mpaka kwenye kiwiko. "Imeniuma! Imeniuma!" Na juu yetu lile tundu jeusi, sasa lingetosha kichwa chake. Niliamini kabisa kwamba mla watu amekaribishwa nyumbani, na aliyemkaribisha ni mimi, na kwamba tukilala tena hatatosheka na kidole.

Susu alimfunga Mwende kitambaa, kisha akaja na sindano na uzi. "Lishike."

"Mimi?"

"Nani alilizaa? Yule jogoo wa juzi ameenda wapi?"

Nikalishika. Kila sindano ilipopita, karatasi ilichakarika mikononi mwangu kama kitu kinachovuta pumzi. Alipokata uzi kwa meno, akalifukia kwenye jivu la moto mekoni, nasi tukasimama pale mpaka harufu ikaisha.

Ni panya, najua. Uji ukutani, uji kidoleni, mnadhani mimi mjinga? Mwende mwenyewe huonyesha watoto wake lile kovu huku akicheka.

Siku hizi nakata stika za madigadi, vile vikinga tope vya bodaboda, hapa sokoni: simba, joka, tai, na bado hakuna anayenifikia. Ila wateja hulalamika kwamba wanyama wangu wote wamefumba mdomo. Nawaambia hiyo ni staili. Anayetaka simba wa kunguruma atafute fundi mwingine. Mimi niko na mtoto nyumbani.